Kidole Chini ya Neno la Kwanza

Shangazi yangu, Bi Zena,

Sijui salamu za aliyebaki kwa aliyetangulia huandikwa vipi, kwa hivyo nitaanza na yale ambayo ungeyauliza mwenyewe. Nimekula. Miguu haivimbi tena. Nyumba imepakwa chokaa upande wa uchochoroni, upande wa ndani bado. Na ndiyo, nimerudi kusoma, na umri huu na miwani hii. Nakuona ukitikisa kichwa.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike na sijawahi kukuandikia. Dua sikosi, lakini barua ni kitu kingine. Naiandika leo kwa sababu chuo kikuu kimeniagiza vitu viwili ili nimalize mwaka wa kwanza wa uzamili, na kimojawapo kimenirudisha mlangoni pako kwa nguvu. Cha kwanza ni pendekezo la utafiti: unaeleza jambo unalotaka kulichunguza, kwa nini, na utalichunguza kwa njia gani. Cha pili wanakiita maelezo ya tafakuri. Hapo unachagua tukio moja la kazini kwako, unasema ulifanya nini, kisha unajipima. Cha kwanza kilinichukua miezi minne. Cha pili nilidhani kitanichukua Jumamosi moja, na pilau nitapika.

Wengine watakaoisoma barua hii hawakukujua, kwa hivyo niruhusu niwapitishe kwanza chuoni kwako, ulikosomesha watoto Kurani. Chenyewe kilikuwa ukumbi wa chini wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale, mikeka miwili, dirisha moja la kutazama uchochoroni, na watoto ishirini na kitu waliovua ndala mlangoni zikawa lundo. Wewe ulikalia kiti cha mbao kilichokatwa miguu, kipepeo cha ukindu mkononi, tambuu shavuni. Watoto wanne walikusomea kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, na ulimjua aliyekosea hata kama ulikuwa umempa mgongo. Nje tuktuk zilibanana zikipigiana honi, nawe ulizifokea kupitia dirishani kana kwamba nazo zimeletwa kusoma.

Sheria zako zilikuwa nyingi, na nyingine, Shangazi, hazikuwa na maana yoyote. Kulikuwa na ile ya kutokula embe bichi siku ya kusikilizwa, ati sauti itapinda. Tulizivunja zote isipokuwa moja. Hakuna mtoto aliyeugusa ukurasa mpya kabla hujamwanzia. Ukishamaliza wa nyuma na ukakubaliwa, unaufungua unaofuata, unaweka kidole chini ya neno la kwanza, unanyamaza. Kidole ndicho kilichokwambia kwamba mtoto yuko tayari. Ulikuja ukasoma mstari wa kwanza polepole, mtoto akaufuata, kisha ukamwachia aende mwenyewe. Ukiwa jikoni unageuza chapati, mtoto anangoja. Niliwahi kumwona mmoja amesinzia, kidole kipo palepale.

Nilipokuwa na miaka minane nikajitia ujuaji. Ukurasa niliuona mwepesi, nikausoma wote kwa sauti, bila kosa hata moja. Ulitoka jikoni na unga mikononi.

"Nani alokuanzia?"

Nikasema hakuna, lakini nimesoma sawa.

"Nimesikia umesoma sawa. Nakuuliza nani alokuanzia."

Ukanirudisha kurasa tatu nyuma, na wiki nzima ukawa unanipita kama kiti. Nilikuchukia. Nasema hivyo leo kwa kuwa huwezi kunifinya. Sababu hukunieleza, wala hukuwa mtu wa kueleza sababu. Nilipokuwa mkubwa nikajitafutia moja: kwamba maneno yale yamefika kwetu kwa kupokezana, mdomo kwa mdomo, na mtu haingii humo peke yake kama anayeingia dukani. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yako. Huenda pia hukuwapenda tu watoto wajuaji.

Lakini kidole hichohicho kilikuwa kimeshanitia matatani miaka miwili kabla ya hapo, na wewe ndiye uliyenitoa. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Mwalimu wetu alikuwa mama mpole kutoka bara, mumewe akifanya kazi bandarini. Alinipa kitabu akaniambia nisome. Nikaweka kidole, nikangoja. Akaniambia tena. Nikangoja. Siku ya tatu akamwandikia baba kwamba mtoto huyu huenda ana shida ya kuelewa. Baba alikuwa kazini, kwa hivyo barua uliipokea wewe, ukamwita jirani akusomee, maana herufi za shule hukuzijua.

Kesho yake ulivaa buibui ukaja. Uligombana na bawabu langoni, tukakusikia kabla hatujakuona. Ulisimama mlangoni mwa darasa, ukatoa salamu ndefu kama kawaida yako, kisha ukamwambia mwalimu, "Mwanzie." Hakuelewa. "Neno moya tu, mwalimu. Mwanzie." Akasoma neno moja. Mimi, niliyekwisha kufundishwa herufi zile na baba, nikasoma mpaka chini ya ukurasa. Mwalimu alicheka, akakushika mikono yote miwili. Njiani ulininunulia mabuyu, na mpaka unaondoka duniani ulisimulia kwamba shule nzima ilikupigia magoti.

Nimeyaeleza haya yote ili ujue kwamba sina udhuru.

Sasa mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na nne huu, katika shule moja ya msingi hapa kisiwani. Pendekezo langu la utafiti lilihusu watoto waliopitia chuoni, kwa nini baadhi yao hukwama katika jaribio la kusoma kwa sauti. Niliandika kwamba chuo humzoesha mtoto kufuatisha, si kusoma, na kwamba akipewa maandishi mageni hushindwa kwa kuwa hana cha kufuatisha. Sentensi ilinyooka vizuri, nikajipongeza kwa chai ya tangawizi. Niliiandikia ukumbini kwako, Shangazi. Meza ya kompyuta iko pale ilipokuwa mikeka. Na hata haya sikuona.

Msimamizi wangu ni Dakta Mghoi, mama wa Kitaita, mkimya, anayeandika maoni yake kwa penseli kana kwamba anaogopa kuumiza karatasi. Hukutana na wanafunzi barazani kwake Kizingo, chini ya ile miti mikubwa ambako hata kunguru wana adabu. Pendekezo alilipitisha. Alisema liko tayari kwenda mbele ya jopo mwezi unaofuata. Maelezo ya tafakuri aliyarudisha. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika mstari mmoja: "Mtoto nimemwona. Mwalimu simwoni."

Nikusimulie tukio lenyewe. Msichana nitamwita Rukia. Si jina lake, na sababu utaiona mbele.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, naye alikuwa gredi ya pili. Darasani hakuwa na tatizo. Huko mimi ndiye ninayetangulia kusoma na watoto hufuata, na sauti yake ilikuwa juu ya wote. Kisha likaja jaribio. Kila mtoto anaitwa peke yake, anapewa ukurasa ambao hajawahi kuuona, anasoma, mwalimu anajaza fomu. Watoto walikuwa hamsini na mmoja, vipindi viwili, na mwalimu mkuu alizitaka fomu kabla ya mapumziko. Rukia akaja mezani. Alinyoosha karatasi, akanitazama. Nikamwambia soma. Akaendelea kunitazama. Nikahesabu moyoni mpaka kumi, nikaandika "hawezi kusoma", nikamwita anayefuata.

Kwa neno lile alirudishwa gredi ya kwanza. Mamake alikuja shuleni, akasema kwa upole kwamba nyumbani mtoto asoma. Nikamjibu kwa ile sauti ya walimu uliyokuwa ukiiiga ukitaka kutuchekesha, kwamba nyumbani watoto husoma walichokwisha kukariri. Hakubishana nami. Aliaga vizuri akaenda zake. Mwaka uliofuata Rukia akapimwa na mwalimu mwingine, akasoma. Shule ikasema kurudia kumemsaidia, nami nikasema hivyohivyo. Katika pendekezo langu nilimtia kama mfano, bila jina, mtoto wa chuoni aliyekwama na akakwamuliwa na shule.

Katika maelezo ya tafakuri niliandika hayo, nikaongeza kwamba nimejifunza umuhimu wa subira. Dakta Mghoi alinimiminia chai, akaniuliza, "Muda ule alipokuwa kimya, alikuwa anafanya nini?"

Nikasema hakuna.

Ana ukimya mrefu yule mama, ungempenda. Nilitazama chai mpaka ikafanya utando. Kisha nikamwambia kwamba mtoto aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Na wewe ulikiona?"

Nilikiona, Shangazi. Hilo ndilo nililoliacha nje ya karatasi. Nilikiona na nilikitambua, tena si baadaye nikiwa nyumbani, palepale. Nilipofika hesabu ya tano au ya sita nilijua ninachokitazama, na nikaendelea kuhesabu. Neno moja tu lingetosha. Lakini mwalimu mwenzangu alikuwa mlangoni akingoja kuzichukua fomu, na niliona haya. Kule walikotufundisha ualimu walisema anayempima mtoto hamsaidii. Nikajiona nikimwanzia mtoto mbele ya watu, nikaonekana mwalimu wa chuoni mwenye tambuu shavuni. Nilikuonea haya wewe. Sina njia nyingine ya kulisema.

Dakta Mghoi hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliniambia tu kwamba kama ni hivyo, pendekezo langu limejibu swali kabla ya kuliuliza, na yeye hawezi kulipeleka mbele ya jopo mpaka nilibomoe. Maana yake wenzangu sita watatangulia, nami nitangoja muhula mzima. Niliondoka kwake nimenuna. Nilitembea kutoka Kizingo mpaka nyumbani kwa hasira, juani, nikimjibu kwa majibu mazuri ambayo hayakunijia nilipokuwa mbele yake. Nilipofika mlangoni hasira zilikuwa zimeisha, na chini yake kulikuwa na yule mtoto.

Mamake anakaa vichochoro vitatu kutoka kwetu. Hushona kofia. Nilikwenda baada ya alasiri, siku ya tatu yake, na mkobani nilitia vitu viwili: ile karatasi ya jaribio, ambayo bado ninayo katika faili, na fomu ya ridhaa, ile ambayo mzazi hutia sahihi kukubali mtoto wake aandikwe katika utafiti. Tuliamkuana. Masalkheri, akheri, u hali gani, ni mzima, nyumbani waonaje, wote wazima, alhamdulillahi. Hakuharakisha hata neno moja. Kisha akanionyesha nikae barazani, nje. Wewe wajua mtu wa Mji wa Kale akikuweka nje amekwambia nini.

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, na nikaanza na fomu. Nilimweleza chuo kikuu, utafiti, usiri wa majina, haki yake ya kukataa. Alinisikiliza huku akitoboa na kushona, kofia ikizunguka polepole mkononi mwake. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu ayua kusoma, mwalimu. Siku ile alikuwa angoja kuanziwa."

"Nayua," nikasema.

"Wayua tangu lini?"

Nikamwambia tangu siku ile.

Sindano ikasimama. Nilidhani ataniinua kwa maneno, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Alisema mwanawe ni wa mwisho kusomeshwa na wewe. Ilikuwa ile miezi baada ya kiharusi, watoto wengine wameshahamishwa kwingine, nami nikiamini chuo kimefungwa. Kila alasiri alimleta, kwa kuwa mtoto alikataa kwenda kwa mtu mwingine. Ulimi wako ulikuwa mzito na mkono wako wa kulia haukuinuka tena. Basi mtoto alifungua ukurasa, akakushika kidole chako, akakiweka yeye mwenyewe chini ya neno la kwanza, akangoja mpaka neno likutoke. Siku nyingine lilichukua muda mrefu. Hakusoma mpaka limetoka.

Alasiri zile nilikuwa shuleni nikisahihisha madaftari, au kwenye masomo ya jioni, au njiani. Nilikuwa nikirudi magharibi nakukuta umelala na ndala ndogo moja imesahauliwa mlangoni. Sikuwahi kuuliza ni ya nani.

Nikalia, Shangazi, palepale barazani, na watu wakipita na vikapu vyao. Mimi niliyezoea kuwaambia watoto wafute machozi kwanza ndipo waseme. Mama Rukia akatazama juu ya uchochoro na chini yake.

"Usilie nde, mwalimu," akasema. "Ingia ndani."

Ndani alinipa maji, akamwita mtoto. Rukia amerefuka. Ana miaka tisa, amepoteza yale mashavu, na anakaa darasa moja na watoto ambao anawapita kichwa kizima. Alinibusu mkono kwa adabu, akakaa mkekani mbali nami kidogo, akaikalia mikono yake. Nilitoa karatasi ile. Aliitambua mara moja, nikaona uso ukifunga. Mamake aliniambia baadaye kwamba tangu mwaka ule mtoto haweki kidole tena mbele ya mwalimu yeyote. Akipewa karatasi husoma mbio, kama anayefukuzwa. Kile tulichokiita maendeleo ndicho hicho.

Nilimwambia, "Nilikukosea. Uliningoja, na mimi sikukuanzia. Kosa lilikuwa langu, wewe hukuwa na kosa."

Alimtazama mamake. Mamake alitazama kofia.

Kwa hivyo nikaiweka karatasi mkekani kati yetu, nikaweka kidole changu mwenyewe chini ya neno la kwanza, na nikausoma mstari wa kwanza polepole, namna ulivyokuwa ukisoma. Ni hadithi isiyo na kichwa wala miguu, ya mbuzi aliyekula kofia ya mwenyewe. Nilipomaliza mstari nikanyamaza. Nikangoja. Sikuhesabu. Ilipita muda wa kutosha kwa sauti ya cherehani ya jirani kuanza na kusita mara mbili. Kisha Rukia akaurudia mstari wangu, na akashuka nao. Alisoma bila mbio. Alifika pale mbuzi anapocheua akatabasamu kidogo, akaendelea mpaka chini. Hakukosea hata mahali pamoja, na ukurasa ule una maneno ambayo watoto wa gredi ya nne huyaruka.

Nilidhani tumemaliza. Lakini karatasi zile zimechapwa pande zote mbili. Akaigeuza. Akauchomoa mkono chini ya paja, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaninyanyulia macho.

Nilizubaa. Mamake ndiye aliyenigutusha.

"Haya, mwalimu. Wangojwa."

Nikamwanzia.

Nilipoaga nilitoa tena ile fomu, safari hii ili niichane mbele yake. Akaniambia nisichane karatasi ya watu. Alikuwa na sharti moja tu, nalo ni la jina. "Ina la mwanangu litoe kwa hicho chuo chako. La kubuni tia, lake sitaki. Lako ndilo ulitie, lote, na la babako." Nikamwahidi, na hapa natimiza.

Sitaki udhani kwamba mambo yamekaa sawa kwa sababu mtoto alisoma upande wa pili wa karatasi. Nilimwandikia mwalimu mkuu nikaeleza kwamba alama ile ya miaka miwili iliyopita haikuwa ya haki na niliyeitia ni mimi. Hakufurahi. Aliniuliza kama najua nafungua mlango gani, nikamwambia najua. Rukia alipimwa upya wiki iliyopita, na mwalimu aliyempima nilimwomba jambo moja dogo, naye akalifanya huku akinishangaa. Muhula ujao ataungana na wenzake gredi ya nne. Ule mwaka aliokaa na watoto wadogo akiitwa mrudiaji sina pa kuutoa. Nautafuta, siuoni. Nitakaa nao.

Pendekezo nimelibomoa. Kichwa kimebaki kirefu, maana chuo kikuu hawapendi vichwa vifupi, lakini swali ni jingine. Sasa sitaki kujua kwa nini mtoto wa chuoni hasomi. Nataka kukaa nyuma ya madarasa nione mwalimu anafanya nini mtoto anaponyamaza, anangoja kwa muda gani, na anaamini anaona nini. Nitaanza na madarasa yangu. Dakta Mghoi amelisoma na ameandika kwa penseli kwamba hili ni gumu zaidi na litanichelewesha. Chini yake akaandika: "Endelea."

Wenzangu walisimama mbele ya jopo Jumanne. Nilikaa nyuma nikawapigia makofi, na sikuona wivu ila kwa mmoja, ambaye hata pendekezo lake si zuri. Ungecheka.

Maelezo ya tafakuri nimeyaandika upya, hapahapa ukumbini. Meza nimeisogeza ukutani na nimetandika mkeka mmoja, maana kuna mtoto anayekuja Alhamisi baada ya shule, na mamake amekubali. Sisomeshi ulichokuwa ukisomesha wewe, sina elimu hiyo. Tunasoma hadithi tu, ya mbuzi na nyingine. Akikaa huweka ndala zake mlangoni, na kabla ya kufunga mlango mimi huangalia kama amesahau mojawapo.

Maelezo yenyewe yanaanza hivi: "Mimi, Maimuna binti Athmani, nilikiona kidole." Baada ya hapo mengine yakaja yenyewe, kurasa saba, na hakuna mahali nilipotaja subira.

Nimeyasoma yote kwa sauti kabla ya kuyapeleka, kama ulivyotuzoesha. Na nilipofika mwisho nilikusikia waziwazi, na unga mikononi, ukiniuliza nani alonianzia. Safari hii ninaye wa kumtaja. Ni yule mwanafunzi wako wa mwisho, aliyekushika kidole akangoja mpaka neno likutoke.

Mungu akupanulie mahali pako, Shangazi, na akusamehe ile wiki uliyonipita kama kiti. Mimi nimeshakusamehe, nawe nisamehe haya niliyokuonea.

Mimi mwana wa kaka yako,
Maimuna